Kichomeo cha Jiko la Gesi na Matundu Yake

Jambo nitakalolisema leo ni dogo kwa umbo, hata laweza kufunikwa kwa viganja viwili vya mikono. Ni kile kichwa cha chuma kilicho juu ya mtungi mdogo wa gesi, mahali moto utokeapo. Wengine hukiita bana, wengine husema tu "jiko", nami nitakiita kichomeo. Nataka kueleza jinsi kinavyozibika na jinsi ya kukisafisha, tena na kwa nini sisi tukaao milimani imetupasa kukiangalia zaidi ya ndugu zetu wa pwani.

Kila nyumba ya wilaya zetu ilijua mafiga na kuni, kisha likaja jiko la mkaa. Na katika nyumba za walimu, makarani na wainjilisti lilionekana jiko la pampu la mafuta ya taa, lile la Primus, ambalo habari zake nitazirudia baadaye. Siku hizi mtungi wa kilo 6 umeingia hata vijijini. Mwezi wa Mei 2024 Serikali ilizindua mkakati wa miaka kumi, ambao shabaha yake ni kwamba ifikapo mwaka 2034 watu 80 katika kila 100 nchini wawe wanapika kwa nishati safi. Mitungi mingi imekwisha kugawiwa na mingine mingi imenunuliwa. Lakini apewaye mtungi huonyeshwa jinsi ya kuwasha na kuzima, basi. Habari za kichomeo haambiwi. Moto ukigeuka rangi husema, "Gesi hii imetiwa maji," akamlaumu muuzaji wa dukani. Aghalabu gesi haina kosa, wala muuzaji hana.

Kwanza tuifahamu kazi ya kitu chenyewe. Wanafunzi wa sekondari wamekwisha kuona katika chumba cha sayansi taa ya Bunsen, iitwayo kwa jina la mwalimu wa Heidelberg katika Ujerumani, Robert Bunsen, ambaye mwaka 1855 yeye na fundi wake Peter Desaga waliitengeneza ikawa kama tuijuavyo. Ukifunga tundu la hewa chini ya taa ile, moto huwa wa manjano, mrefu, wenye kuyumbayumba na kutoa masizi. Ukilifungua, moto huwa wa buluu, mfupi na mkali. Gesi ni ile ile. Kilichobadilika ni hewa tu. Basi jiko lako la mtungi ni taa ya Bunsen iliyofupishwa na kuvikwa kofia. Gesi hutoka mtungini ikapita katika kitundu chembamba sana cha shaba, ambacho mafundi hukiita nozeli. Kwa kuwa kitundu ni chembamba na nguvu ya mtungi ni kubwa, gesi hutoka kwa mbio, na mbio hizo huvuta hewa kupitia matundu yaliyo ubavuni mwa shina la kichomeo. Gesi na hewa hupanda pamoja zikichanganyika ndani ya shina, kisha hutokea katika matundu madogo ya kofia, na hapo ndipo huwaka.

Tazameni sasa kiasi cha hewa kitakiwacho. Gesi ya mitungi ni mchanganyiko wa propani na butani. Kikombe kimoja cha propani hutaka vikombe 24 hivi vya hewa ili kiungue chote, na kikombe kimoja cha butani hutaka kama 31. Kwa hiyo sehemu kubwa ya kinachoungua katika jiko hamkuinunua dukani. Ni hewa ya bure, nayo yaingia kwa njia ya vitundu vile ambavyo watu wengi hawajui kuwa vipo. Vikizibika, gesi ya fedha yako hutoka bila mwenziwe, ikawa masizi chini ya sufuria.

Hapa ndipo milima yetu inapoingia katika habari hii. Mji wa Iringa uko juu ya bahari kwa mita 1,600 hivi, na Mbeya 1,700 hivi. Kitulo ni kama 2,600. Kadiri mtu apandavyo ndivyo hewa inavyokuwa nyepesi. Hewa ya Mbeya ina uzito uliozidi kidogo tu sehemu nne katika tano za hewa ya Dar es Salaam. Ndiyo sababu maji yetu huchemka kwenye nyuzi 94 hivi badala ya 100, na maharage yetu, ingawa yanasifiwa nchi nzima, huchelewa kuiva. Nguvu ya mtungi haipungui kwa kuletwa Mbeya. Gesi hutoka kwa kiasi kile kile, lakini katika kila kikombe cha hewa kiingiacho mna hewa pungufu. Kichomeo kilichokuwa kizuri pwani hufika huku kikiwa tayari na njaa ya hewa kidogo. Basi vitundu vikizibika nusu, mtu wa Tanga huenda asione kitu, nasi tukaona moto wa manjano siku hiyo hiyo. Tena kwa sababu maharage huchukua muda mrefu motoni, hasara ya gesi huongezeka mara mbili.

Hasara ya fedha si kubwa kuliko zote. Moto uliokosa hewa hutoa kaboni monoksaidi. Hewa hii ya sumu haina rangi, haina harufu, wala haiwashi macho kama moshi wa kuni. Ikivutwa hushikamana na damu kwa nguvu zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni, na damu ikiisha kushikwa haiwezi tena kuchukua pumzi kuipeleka mwilini. Mtu huumwa kichwa, husikia kichefuchefu, hulegea, kisha hulala usingizi. Wasikilizaji wajua desturi ya mwezi wa Juni na Julai, baridi inapokaza, watu kufunga madirisha, kuziba nyufa kwa magunia, na kuingiza jiko la mkaa chumbani ili wapate joto. Jambo hilo limewaua watu wengi, na jiko la mkaa ndilo la hatari zaidi. Lakini msidhani kuwa jiko la gesi haliwezi kufanya hivyo. Likiwa safi na dirisha wazi halina neno. Likiwa limezibika, na mlango umefungwa, na watoto wamelala humo humo, latenda kazi ile ile ya mkaa kwa siri zaidi, maana watu huliamini. Anayeumwa kichwa jikoni na atoke nje upesi, awatoe na wenziwe, kabla ya kuanza kuuliza sababu.

Vitu vinavyoziba ni vya namna tatu. Cha kwanza ni chakula. Uji ukifurika, maziwa yakipanda, maji ya maharage yakimwagika, hutelemka katika kofia yakakauka, yakaungua, yakawa kama gamba la lami. Huziba matundu ya upande mmoja, moto ukawaka upande wa pili tu, sufuria ikaungua huku na kuwa baridi kule. Hili kila mpishi huliona. Cha pili ni mafuta na kutu, maana kofia za chuma cha kusubu zikilowa zisikaushwe hupata kutu, na kutu hudondoka ndani.

Cha tatu ndicho watu wasichokitazamia, nacho ni wadudu. Buibui mdogo hupenda shina la kichomeo kwa kuwa ni tundu refu, la giza, lenye milango midogo. Na nyigu wale wajengao kwa udongo hufanya vivyo hivyo. Jiko likikaa majuma matatu bila kuwashwa, kama walimu wafanyavyo wakati wa likizo, litakuwa limepata mpangaji. Mama mmoja auzaye chai na maandazi karibu na stendi ya mabasi alinijia akilalamika kuwa jiko lake, lililokaa ndani tangu alipokwenda msibani, linanguruma na kuwaka chini badala ya juu. Alisema, "Mwalimu, nimeambiwa jiko limekufa, ninunue jingine." Tulipolifungua tulikuta katika shina utando mweupe mnene kama pamba, wenye mayai. Utando ule ulizuia mchanganyiko usipande, basi moto ukarudi nyuma ukawaka pale pale penye nozeli. Moto ukifanya hivyo, ukasikia mngurumo na kuona shina linapata moto kuliko kofia, funga koki mara moja. Usisubiri chai ichemke.

Sasa kazi yenyewe. Yafaa ifanywe mchana, uwanjani au barazani, mahali pasipo moto wo wote. Gesi ya mitungi ni nzito kuliko hewa, propani mara moja na nusu na butani mara mbili, kwa hiyo ikivuja haipandi juu ikapotea kama moshi. Hutambaa sakafuni kama maji na kukaa katika mashimo. Mtu aweza kufungua jiko mezani, na gesi ikaenda kuwaka katika mkaa ulio pembeni mwa chumba. Na anayevuta sigara na aende zake.

Funga koki, ungoje mpaka kichomeo kipoe kabisa. Kizungushe ukitoe juu ya mtungi. Mtungi mzima hujifunga wenyewe kichomeo kinapotoka; ukisikia mlio wa gesi inayoendelea kutoka, rudisha kichomeo upesi, uache mtungi uwanjani mbali na moto, ukamwite muuzaji aje autazame. Ukiwa kimya, ondoa kofia. Katika vichomeo vingi kofia hunyanyuliwa tu. Katika vingine ina skrubu moja. Loweka kofia katika maji ya moto yenye sabuni kwa muda wa nusu saa, kisha isugue kwa mswaki wa zamani. Tundu moja moja lizibuliwe kwa waya mwembamba au pini, ukiuingiza kutoka ndani kwenda nje ili uchafu utoke usirudi. Msitumie kijiti cha kuchokolea meno, kwa kuwa huvunjika ndani ya tundu, na sasa umeongeza kizibo kingine. Wala msipanue tundu kwa msumari kwa kudhani kuwa tundu kubwa hutoa moto mkubwa. Tundu lililopanuliwa hupunguza mwendo wa gesi, na moto hupata nafasi ya kurudi ndani.

Shina nalo lisafishwe kwa brashi nyembamba ndefu, au kwa kitambaa kilichofungwa katika ncha ya waya, kikapitishwa mpaka kitoke safi. Angalieni sana matundu ya hewa yaliyo ubavuni, maana hayo hujaa mafuta ya kukaangia yaliyogandamana na vumbi. Katika vichomeo vingine yana pete ya chuma iwezayo kuzungushwa ili kuongeza au kupunguza hewa. Hiyo ndiyo dawa ya mtu wa milimani: jiko likiisha kusafishwa na moto ungali wa manjano kwa juu, izungushe pete mpaka matundu yawe wazi zaidi.

Hufuata nozeli, na hapa nawaomba watu wazima wanisikilize kuliko vijana, maana ni wao waliozoea jiko la Primus. Jiko lile lilibuniwa Uswidi mwaka 1892 na Frans Wilhelm Lindqvist. Liliunguza mvuke wa mafuta ya taa, na mafuta ya taa huacha masizi katika kitundu, kwa hiyo kila jiko lilikwenda na sindano zake, nyuzi nyembamba za chuma zilizotiwa katika kibati, na mpishi alizibua kila lilipokuwa likififia. Sindano zile zilitengenezwa kwa kipimo cha kitundu chenyewe. Mazoea yale yamebaki mikononi, na leo mtu akiona jiko la gesi limefifia hutwaa sindano ya kushonea akalichoma. Shaba ni laini na sindano ya kushonea ni nene. Kitundu kikiongezeka upana hata kwa unywele, gesi hutoka nyingi kuliko hewa iwezayo kuvutwa, na moto utakuwa wa manjano siku zote. Hakuna kusafisha kutakakouponya, ila kununua nozeli mpya. Basi nozeli na ifunguliwe kwa spana iliyo sawa nayo, ilowekwe katika maji ya sabuni au spiriti, ipulizwe kwa pampu ya baiskeli, kisha iinuliwe kuelekea mwanga. Ukiona nukta ya mwanga iliyo ya duara kamili, kazi imekwisha.

Vyote vikaushwe juani. Tone la maji lililobaki katika shina hufanya moto kutatarika na kuzimika, na watu wengi hudhani wameliharibu jiko kwa kulisafisha. Hawakuliharibu, wamefanya haraka tu. Wakati vinapokauka, tazama mpira mdogo wa duara ulio mahali kichomeo kinapokutana na mtungi. Ukiwa umepasuka, au umekuwa mgumu usiobonyea, nunua mwingine. Ni kitu cha bei ndogo, wala haifai kuweka badala yake uzi au kipande cha mpira wa baiskeli.

Ukiisha kuunga tena, paka povu la sabuni katika viungo vyote, ufungue koki kidogo bila kuwasha. Povu likitoa mapovu yanayokua, gesi inavuja hapo. Kamwe msitafute uvujaji kwa njiti ya kiberiti. Tena pua ni shahidi mwema, maana gesi hutiwa kwa makusudi dawa yenye harufu mbaya, kama ya kitunguu kilichooza. Kwa asili yake haina harufu ya kutosha kumwonya mtu. Tarehe 18 Machi 1937, katika shule ya New London, jimbo la Texas, Marekani, gesi ya asili isiyotiwa harufu ilivuja chini ya sakafu pasipo mtu kujua. Ikalipuka, wakafa wapatao 300, wengi wao wanafunzi. Baada ya msiba ule ndipo sheria za kutia gesi harufu zilipotungwa na kuenea. Mwanafunzi anisikilizaye, harufu ile uichukiayo jikoni iliwekwa kwa ajili ya watoto wa rika lako.

Nikiwa hapo, nisahihishe jambo moja linalosemwa sana. Gesi ya Songo Songo, iliyogunduliwa mwaka 1974 na kuanza kutumika Dar es Salaam mwaka 2004, si hii ya mitungini. Ile ni methani, nayo ni nyepesi kuliko hewa. Hii yetu huletwa kwa meli kutoka ng'ambo, ikapandishwa kwa magari katika barabara ya Iringa mpaka Mbeya, na kila mlima wa njiani huongeza bei yake.

Sasa washa: njiti kwanza, koki baadaye. Moto mwema ni wa buluu, umekaa chini juu ya kila tundu, na sauti yake ni ya upole. Ukiona cheche za rangi ya chungwa zinazopita mara moja moja usiogope. Chumvi ikianguka motoni hufanya hivyo, na vumbi la kufagia pia. Ukirukaruka mbali na matundu, hewa imezidi, punguza kwa ile pete. Tena sufuria isiwe pana mno kupita kichomeo, kwa sababu hurudisha joto chini juu ya koki na mtungi. Kwa sababu hiyo hiyo, ndugu zetu wa Makambako, ambao twajua upepo wao, wasiuzungushie mtungi mabati pande zote. Afadhali kuhamisha jiko nyuma ya ukuta.

Yako mambo mawili yafananayo na kuziba, lakini si kuziba. Mtungi ukikaribia kwisha, moto hufifia, na pengine huwa wa manjano kidogo. Uzito wa mtungi mtupu umeandikwa juu ya mtungi wenyewe, basi upeleke kwenye mzani wa dukani, utoe hesabu, ujue kilichobaki. La pili ni baridi. Gesi humo ndani ni maji, nayo ili igeuke mvuke hutaka joto kutoka hewani. Asubuhi ya Julai huko Makete, ambako huganda umande, joto hilo halipo la kutosha, hasa kwa butani, na ukipika kwa muda mrefu utaona mtungi wenyewe umelowa na kuwa baridi kama jiwe la mtoni. Wako wanaouweka karibu na moto wa kuni ili upate nguvu, au wanaoumwagia maji yanayochemka. Wasifanye hivyo hata mara moja. Upunguze moto, uuache mtungi upumzike mahali penye jua, na ukiwa na miwili, uitumie kwa zamu.

Kwa nyumba ipikayo kila siku, kofia na ioshwe kila juma na shina mara moja kwa mwezi. Jiko lililokaa muda wote wa likizo lifunguliwe na kutazamwa ndani ya shina kabla ya kuwashwa. Na wakati linapokaa bure, kichomeo kifungwe katika mfuko safi wa kitambaa, kamba ikazwe vema, kwa maana nafasi ndogo yamtosha buibui.